Hujaji wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 13 Mei 1996

Nimejiharibia mwenyewe. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Jana baada ya misa Katekista Okemwa alisoma majina ya watakaokwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe tatu Juni. Watu kumi na mmoja. Lakini kigango chetu kimepewa viti kumi na viwili ndani ya basi la parokia. Kiti cha kumi na mbili kilikuwa cha Celestine, mke wangu. Alijiandikisha Agosti mwaka jana, akafariki Novemba. Jina lake bado liko kwenye karatasi, limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Okemwa angeweza kutumia ya bluu.

Nilijua kiti ni changu. Nani mwingine? Kisha nikamwona jirani yangu Momanyi ameanza kuinua mkono. Nikaingiwa na hofu. Nikasimama upesi, nikasema kwa sauti ya hekima kwamba kiti kile apewe mtu anayejua hujaji ni nini hasa, na neno lenyewe lilitoka wapi. Nilidhani swali litawatisha wote, kisha wanionee huruma.

Okemwa akafurahi mno. Akasema vijana wa katekisimu walimuuliza jambo hilo hilo mwezi uliopita, ikabidi ajifanye ana kikohozi. Basi Jumapili ya Pentekoste, tarehe ishirini na sita, wanaotaka kiti wasimame mbele ya Wakristo waeleze. Atakayeeleza vizuri zaidi ndiye hujaji wa kumi na mbili.

Tumejiandikisha wawili. Mimi na Momanyi.

Mimi sijui hujaji ni nini. Niliishia darasa la saba. Momanyi ana kamusi.

Jikoni, juu ya rafu, kuna kidumu cheupe cha lita tatu. Celestine alikinunua Keroka ili alete maji ya Namugongo. Alikiosha mara mbili, akakivika kofia ya sufi aliyoifuma mwenyewe, vumbi lisiingie. Akanikataza kutilia mafuta ya taa. Tangu Novemba nakiangalia kila asubuhi, nacho kinaniangalia. Lazima kijae.

Daftari hili pia ni lake, la kwaya. Kurasa za mbele ni namba za nyimbo. Nimeanzia alipoachia.

Jumanne, 14 Mei

Mpango wa kwanza: kamusi. Nilingoja saa ambayo Momanyi hupeleka majani yake kituo cha chai. Nikapenya ua wa michongoma unaotutenganisha. Celestine nami tuliupanda mwaka wa sabini na tisa. Momanyi anasema uko ndani ya shamba lake kwa mstari mmoja wa chai. Anasema hivyo kwa miaka kumi na saba bila kuchoka.

Hakuwa kituoni. Alikuwa barazani kwake, ameikalia kamusi. Akasema kiti ni kifupi. Nikasema nimekuja kuomba chumvi. Akaniuliza ni chumvi ya herufi gani.

Nikaona nisizunguke. Nikamwomba aniazime kitabu dakika tano. Akasema kamusi haiazimwi kama jembe, na hata jembe lake nililoliazima mwaka wa themanini na nane bado analisubiri. Halafu, akasema, hutapata kitu, herufi H imeliwa na panya. Nikamwambia panya wake wamesoma kuliko mimi. Akasema hilo halihitaji kamusi.

Mwongo. Panya gani huyo anayechagua herufi?

Nimerudi na chumvi, na miiba miwili kwenye suruali.

Alhamisi, 16 Mei. Kupaa Bwana

Nimewaza. Mwalimu wa Momanyi ni kitabu, wangu watakuwa watu. Baada ya misa nikaenda Keroka, duka la Haresh la mabati na vyuma. Wahindi husafiri sana kwa ajili ya dini yao, niliwahi kusikia.

Mpango: nisiulize waziwazi, habari zisije zikamfikia Momanyi. Ninunue misumari robo kilo, kisha swali liteleze lenyewe.

Likateleza. Haresh alisema kwao mtu huyo huitwa yatri, na maana yake ni msafiri tu, anayekwenda. Na mahali patakatifu anapokwenda huitwa tirtha, yaani mahali pa kuvukia mto. Nikarudia moyoni: msafiri, kivuko. Vizuri sana.

Mama yake, Janki, alikuwa ameketi chini ya kalenda akichambua dengu. Aliniuliza, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, ni nani amenifia. Nikasema nimekuja kununua misumari. Akauliza misumari ya nini. Sikuwa nimefikiria hilo.

Akasema mumewe alipofariki yeye alibeba majivu yake mpaka mto Ganga, akarudi na maji ndani ya chungu kidogo cha shaba, kimezibwa kwa nta. Akasema kule mtoni kila aliyemwona alikuwa amembeba mtu fulani asiyeweza kuja. Hakuna anayekwenda peke yake, baba, akaniambia.

Basi nikajikuta nimemweleza habari za kidumu, pamoja na kofia yake. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha nta kwenye gazeti. Cha kuzibia, akasema, mfuniko wa plastiki huvuja.

Nikitoka nilimwona Momanyi anashuka kwenye baiskeli mbele ya duka lile lile. Alinipigia kengele. Bila shaka anataka misumari.

Jumamosi, 18 Mei

Kisii mjini. Karibu na msikiti kuna mzee aliyewahi kwenda Maka, anauza chai na mandazi. Wote humwita Alhaji.

Nilijitengenezea hadithi kwamba mimi ni mchuuzi wa ndizi, natafuta kujua njia za biashara za Waarabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia kikombe cha pili. Kisha akasema, haya mzee wangu, hadithi imekuwa tamu, sasa niulize ulichokuja kuuliza.

Nikauliza. Akasema neno lilitoka Arabuni, likaingia pwani, likapanda bara na watu wa misafara. Kiini chake ni kukusudia, kukaza uso kuelekea mahali panapoheshimiwa. Tena akasema jambo la ajabu. Kwa Waarabu, hujaji ni jina la watu wengi. Waswahili walilichukua wakamvika mtu mmoja. Kwa hiyo ukimwita mtu mmoja hujaji, akasema, umeuita umati mzima ulio ndani yake.

Nilifikiri habari za mama wa Keroka.

Aliniandikia kwa herufi zake kwenye karatasi ya mandazi, mimi nikaandika kwa zangu kiganjani. Mwisho alinionya kwamba yote huanza na nia. Ukienda na hila moyoni, hiyo si hija, ni matembezi, na matembezi unaweza kuyafanya hata hapo Nyakoe sokoni. Hilo sikuliandika. Kiganja kilikuwa kimejaa.

Jumatatu, 20 Mei

Mwalimu mstaafu Nyasani alikaa seminari miaka mitatu, mpaka alipokwenda likizo akamwona msichana mmoja wa Nyakoe. Upadri ulimtoka, Kilatini kikabaki.

Nilimpelekea jogoo. Akasema mapadri wa zamani walimwita mtu huyo peregrinus, na ndani ya neno hilo mmelala neno lingine, shamba. Ni mtu aliyetoka mbali, aliyekatiza mashamba ya watu, na anapofika hakuna anayemjua. Mgeni. Na Wazungu wengi wamelitoa neno lao la hujaji humo humo.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema kwa jogoo mmoja hakika ni hiyo, ningeleta ng'ombe angenipa na Kigiriki.

Langoni nilipishana na Momanyi. Kwenye baiskeli yake alikuwa amefunga majogoo wawili. Nikamwelekeza kwa upole kwamba soko liko upande ule mwingine. Akanishukuru.

Maskini, kamusi imemtupa. Anauza kuku.

Jumatano, 22 Mei

Mpango mkubwa. Maneno mtu yeyote anaweza kuyapata, lakini nani amefanya? Nikatize mashamba kama mgeni, toka kwangu hadi kanisa la parokia, bila kukanyaga barabara. Kwenye kila mpaka nisali. Jumapili nisimame niseme: nimekuwa hujaji tayari, kilichobaki ni basi.

Nilivaa koti la mvua la marehemu baba mkwe na kofia hadi puani, ili nisijulikane. Nilichonga fimbo ya mkaratusi, nikaikata alama kumi, kila alama Salamu Maria moja.

Shamba la kwanza, bibi mmoja alikuwa akichuma chai. Hakuinua hata kichwa. Akauliza, Ochoki, mbona umevaa koti la mkwe wako na hakuna wingu?

Shamba la pili nilipewa uji. La tatu, ugali na chinsaga. Mboga ile ilipikwa kwa maziwa, ikalala, kama Celestine alivyoipika. Nikala polepole. La nne, ndizi. Kwetu huwezi kukatiza kwa mtu ukakataa chakula chake, ni kama kumwambia humwamini. Sijui wale mahujaji wa Kilatini walifanyaje. Kufikia shamba la saba sikuweza kuinama chini ya ua.

La tisa ndilo lililoniua. Nilisimika fimbo mpakani. Nikafumba macho nusu, midomo ikatembea, kidole kikashuka alama kwa alama. Nikapiga hatua. Nikasimika tena. Mwenye shamba akatokea, akauliza nahesabu nini. Nikasema niko ya saba. Akauliza saba ya nini. Nikasema subiri, kumi zikiisha naanza upya.

Akapiga yowe. Mpimaji, mpimaji, wametuletea mpimaji.

Ndugu wanne ambao hawajasalimiana tangu baba yao alipowagawia shamba lile walikuja pamoja, bega kwa bega. Hilo angalau ni tunda la hija. Wakanishika koti, wakanipeleka kwa naibu wa chifu. Njia nzima walikuwa wakizungumza wao kwa wao kama watoto wa tumbo moja.

Alhamisi, 23 Mei

Baraza. Watu wengi kuliko misa ya Krismasi.

Naibu wa chifu aliuliza nilikuwa nikipanda nini mpakani. Nikasema sala. Akasema sala haihitaji shimo. Akachukua rula akapima alama za fimbo. Hazikulingana. Akatangaza kwamba zaidi ya yote mimi ni mpimaji mbaya. Watu wakacheka sana, hata mimi kidogo.

Momanyi aliitwa kueleza tabia yangu. Alisema mimi ni mtu mpole, nisiye na ubaya, ila nina ua unaotembea. Umekuwa ukitembea kuelekea kwake kwa miaka kumi na saba.

Hukumu: fimbo ibaki nyuma ya mlango wa naibu wa chifu, nami nipite barabarani kama watu wengine.

Nyumbani nilimwelezea Celestine yote, kwa sauti, nikikoroga uji. Angecheka, mkono mdomoni, kuficha lile pengo. Miaka thelathini na minne alilificha pengo ambalo nilikuwa nimelizoea wiki ya kwanza.

Jumapili, 26 Mei. Pentekoste

Momanyi alitangulia. Suti ya kijivu, miwani, kamusi kwapani.

Akaanza. Kwa Wahindi, yatri, msafiri. Akaeleza kivuko cha mto. Akaeleza habari za majivu na chungu cha shaba kana kwamba alikuwa pale Ganga akishika taa. Akaenda Arabuni: kukusudia, umati ndani ya mtu mmoja. Akafika kwa Walatini. Hapo alinizidi, alitaja na Kigiriki.

Kila neno nililolifuata kwa miguu, yeye alilifuata kwa baiskeli, siku hiyo hiyo. Ndipo nilipoelewa wale majogoo wawili.

Mwisho aliifungua kamusi mbele ya wote. Kuanzia G hadi J palikuwa na shimo, ngumi ya mtoto ingepita. Panya kweli. Mimi ndiye niliyekuwa kamusi yake. Kwaya ikapiga vigelegele.

Zamu yangu. Nilisimama. Kiganja nilikuwa nimekiosha. Hakukuwa na neno lililobaki duniani.

Nikasema Momanyi amesema yote na yote ni kweli. Nikasema nilijaribu kuwa mgeni katika mashamba yenu, nikashindwa, kwa sababu mlinijua wote, hata koti mlilijua, mkanilisha. Nikasema nyumba pekee ninayoingia kama mgeni siku hizi ni yangu. Nafika mlangoni nabisha hodi, halafu nakumbuka. Kuna kidumu pale jikoni ambacho mwenyewe hakuweza kukijaza. Nilitaka kiti kwa ajili hiyo tu, na lile swali nililileta kwa ujanja, mnisamehe.

Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Okemwa alivua miwani akaifuta muda mrefu sana. Kisha akasema ahadi ni ahadi. Tuliahidi kumpa anayeeleza neno. Momanyi ameeleza, Ochoki hakueleza neno lolote. Kiti ni cha Momanyi.

Nimekishusha kidumu kwenye rafu. Nikakirudisha.

Jumatatu, 27 Mei

Saa sita mchana Momanyi aliniita kutoka upande wake wa ua. Hakuingia. Alisimama akichuma majani ya michongoma moja moja.

Alisema hakulala. Alisema mke wake anampa ugali bila mboga tangu jana, na akiuliza mboga anaambiwa aitafute kwenye kamusi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hajamwambia mtu mwingine: hajawahi kupita Ahero kwa basi bila kutapika. Na Uganda, jirani, iko mbele ya Ahero sana.

Nikamuuliza, basi kiti ulikitakia nini? Akasema alikitaka kwa sababu mimi nilikitaka.

Kiti ni chako, akasema. Kisha akakohoa. Ila ule mstari mmoja wa chai. Ua urudi.

Niliutazama. Mashina thelathini na sita. Celestine aliuacha mstari ule mpaka mwisho wa siku, kwa sababu ya kivuli cha mparachichi. Alikuwa akiimba akifika pale, kwa hiyo nilijua kazi imekwisha.

Nikasema chukua. Tukapeana mikono juu ya miiba.

Jioni Okemwa alipita na karatasi yake. Chini ya jina la Celestine ameandika langu. Kwa kalamu ya bluu.

Jumatatu, 3 Juni. Namugongo

Naandika nimeketi nyasini. Sijawahi kuona watu wengi hivi. Wengine wametembea kwa miguu wiki nzima, nyayo zimepasuka, wanaimba.

Nilipanga foleni ya maji tangu alfajiri. Kidumu kimejaa. Kilipojaa nilitaja jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama nilivyokuwa nikimwita kutoka shambani aje tunywe chai. Kisha nikaziba kwa nta ya Mama Janki, nikakivika kofia yake.

Kutwa nzima hakuna aliyeniuliza koti hili ni la nani. Mgeni kamili. Mama mmoja wa Masaka aliniuliza maji haya nampelekea nani. Nikajibu papo hapo, mke wangu, anaitwa Celestine. Sikutaja misumari.

Ingawa misumari ninayo. Ilikuwa bado mfukoni mwa koti. Yule mama alikuwa anauza fimbo, akaipenda robo kilo yangu, tukabadilishana. Fimbo nzuri, nyepesi, imenyooka.

Nimetulia. Moyo mweupe. Katika hali hii ya neema mawazo huja yenyewe.

Nusu ya maji ni ya kaburi la Celestine. Nusu nyingine nitayanyunyiza kwenye ua wa michongoma, mpaka hadi mpaka, Jumamosi tutakapouhamisha. Momanyi hatathubutu kukataa maji ya Mashahidi. Nami nikinyunyiza lazima nitembee, na nikitembea lazima nishike fimbo. Tulikubaliana mstari mmoja tukiwa tumesimama upande wa chini. Upande wa juu, karibu na mparachichi, hatukusema lolote, na nimewahi kuona kwa macho yangu kwamba kule ua wetu umeingia kwetu, wala si kwake. Huenda mstari mzima. Huenda na kivuli.

Nimekaa na kisu tangu saa tisa. Alama kumi mpya kwenye fimbo. Safari hii ni za futi, na zinalingana.

Jumamosi asubuhi nitavaa koti, nitasimika fimbo, nitafumba macho nusu, nitatembeza midomo. Nani atamshuku hujaji?